Mlio Unaoonekana: Tanakali Sauti katika Mchoro wa Whaam!

Kila tunapofundisha tanakali sauti, wanafunzi wetu hucheka, hukariri mifano kumi, kisha huisahau baada ya mtihani. Kwao, chubwi na tapwi ni mapambo tu ya insha. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine ya kuanza somo hilo, nayo ni kuwaonyesha mchoro.

Mchoro huo unaitwa Whaam! na ulichorwa mwaka 1963 na Mmarekani Roy Lichtenstein (1923–1997), mmoja wa wasanii wakuu wa sanaa ya pop. Sanaa hii ilichukua mambo ya kila siku, kama vile matangazo, bidhaa za dukani na katuni, ikayafanya kazi za kutundikwa ukutani. Makumbusho ya Tate ya London yaliununua mwaka 1966. Una turubai mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, zenye kimo cha takriban mita 1.7 na upana wa jumla wa takriban mita 4. Kushoto kuna ndege ya kivita inayofyatua roketi; kulia kuna ndege nyingine inayolipuka. Juu ya moto huo limeandikwa, kwa herufi kubwa za manjano, neno WHAAM!

Hebu tulitazame neno lenyewe. Turubai haina sauti, lakini mtazamaji husikia kwa macho. Herufi zimekaa mshazari, na A imerudiwa ili kuurefusha mlio. Katika kisanduku kilicho upande wa kushoto, rubani anaeleza kwa nafsi ya kwanza jinsi alivyofyatua. Maneno yake yanasimulia, WHAAM! halisimulii, linatenda. Hiyo ndiyo kazi ya tanakali sauti. Tukisema, "Nazi ilianguka majini," tumetoa taarifa. Tukisema, "Nazi ilianguka majini chubwi!" msikilizaji tumemfikisha ukingoni mwa maji.

Hapa mwalimu anaweza kuuliza: je, WHAAM! tutalitafsirije? Neno hilo la Kiingereza hufaa kwa kishindo cha aina nyingi. Kiswahili huchagua zaidi: kitu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kujiuliza kwanza ni kitu gani kimegonga nini, na wapi. Kwa wanafunzi ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu au ya nne, swali hilo lina faida kuliko orodha ya kukariri, maana wataanza kulinganisha na milio ya lugha za nyumbani kwao.

Kuna jambo la pili ambalo hatupaswi kulificha. Lichtenstein hakuibuni picha hii peke yake. Chanzo chake kikuu ni picha iliyochorwa na Irv Novick katika toleo la 89 la katuni za All-American Men of War, lililochapishwa na DC Comics mwaka 1962. Mlipuko na neno lake tayari vilikuwamo. Lichtenstein aliikuza picha, akaigawa katika turubai mbili, akabadilisha baadhi ya sehemu na kuiga vile vitone vya uchapaji wa bei nafuu. Wapo wanaosema huo ni ubunifu, na wapo wanaosema mchora katuni alidhulumiwa. Mjadala huo haujaisha.

Sisi walimu tusicheke upesi. Ni mara ngapi tumewagawia wanafunzi nakala za vibonzo bila jina la mchoraji, kisha tukawakata alama kwa kutotaja marejeo? Basi tukiuonyesha mchoro huu darasani, tuandike ubaoni majina yote mawili. Kisha kila mwanafunzi achore tukio moja alilolishuhudia, alipe mlio wake wa Kiswahili, na aeleze kwa nini amechagua mlio huo badala ya mwingine. Atakayeweza kueleza hivyo atakuwa ameielewa tanakali sauti.