Kifundo kikigoma, mpaka huwa mbali

Anayevuka Namanga na mzigo hupima umbali kwa miguu. Kutoka stendi hadi dirisha la forodha, foleni, kisha kurudi kupakia: kwa mwenye kifundo cha mguu kilicholika, kila hatua ni mfupa kusagana na mfupa.

Nyonga na goti huchakaa zaidi kwa umri. Kifundo mara nyingi huharibiwa na ajali ya zamani: kuanguka na bodaboda, mfupa uliounga vibaya, kuteguka mara kwa mara. Gegedu, utando laini kati ya mifupa, huisha polepole, na maumivu huja miaka baadaye, pikipiki yenyewe imeshasahaulika.

Dawa, viatu maalumu na sindano vikishindwa, madaktari wa mifupa wanaweza kushauri kifundo kiunganishwe. Gegedu lililobaki hukwanguliwa, kisha mfupa wa muundi na ule ulio chini yake hubanwa kwa skrubu au bamba la chuma hadi viote kuwa mfupa mmoja. Kuna kifundo cha bandia pia, lakini kwa anayebeba mizigo mizito wengi huona kuunganisha ndiko kunakodumu.

Hesabu ngumu ni ya muda. Kwa kawaida mgonjwa hukaa wiki 6 hivi bila kukanyagia mguu huo, akiwa na hogo na magongo, kisha wiki nyingine kadhaa za kiatu kigumu. Ni kama miezi 3 nje ya biashara, na marejesho ya kikoba hayasubiri magongo. Hapo ndipo wengine hushawishika kurudi sokoni mapema. Mfupa usiposhika, huenda upasuaji ukarudiwa. Sigara nayo huongeza hatari hiyo.

Ukishika, maumivu hupungua sana, na kwenye tambarare wengi hutembea vizuri. Kupanda mlima na choo cha kuchuchumaa ndivyo husumbua, na viungo vya jirani vinavyobeba kazi ya ziada vinaweza kuchakaa baadaye.

Wataalamu wa mifupa wapo MOI Dar es Salaam, KCMC Moshi na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuwa na ndugu pande zote mbili, ila eksirei hurudiwa kabla ya kuruhusiwa kukanyaga, hivyo hospitali iwe upande atakaouguzwa. Kama bima yake inalipa ng'ambo, aulize kabla ya kulazwa.