Ebola: hesabu rahisi inayoweza kumdanganya mwanafunzi wa takwimu

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukafika pia Ituri, ulimalizika tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Ukigawanya, karibu asilimia 66 walifariki. Hesabu ya shule ya msingi, kweli.

Lakini mwanafunzi wa takwimu anayeirudia hesabu hiyo juma kwa juma kwenye kompyuta atagundua mtego. Katikati ya mlipuko, wagonjwa wengi bado wako kitandani. Wamehesabiwa kama wagonjwa, ila haijulikani nani atapona. Ugonjwa unaonekana mpole kuliko ulivyo. Akihesabu waliopona na waliofariki peke yao, mtego mwingine unamngoja: anayefariki upesi huingia kwenye orodha kabla ya anayepona polepole.