Kasuku Wadogo wa Bara na Mtama Wetu

Mkulima mmoja wa Mangapwani ameuliza: wale kasuku wadogo wa kijani wanaofugwa matunduni ni ndege mmoja au wawili, nao wakitoroka wataumaliza mtama?

Ni wawili, na asili yao wote ni Bara. Wa kwanza huitwa kasuku wa Fischer. Uso wake ni mwekundu wa kichungwa, na kwao ni kusini ya Ziwa Viktoria, Mwanza na Shinyanga hadi Serengeti. Wa pili ana kichwa cheusi, utadhani kajipaka masizi, na shingoni amezungukwa na manjano. Huyo ni wa Manyara, Dodoma mpaka Iringa. Wote wana mdomo mwekundu na duara jeupe machoni, urefu kama sentimita 15. Dume na jike hawatambulikani kwa kutazama, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hawa ni jozi", mtilie shaka.

Porini kila mmoja ana upande wake. Lakini Naivasha, Kenya, waliotoroka matundu walikutana, wakazaana, na sasa chotara ni wengi.

Hali zao si moja. Yule wa Fischer alinaswa mno. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi sana nje. Marekani ilibana uingizaji wa ndege hao mwaka 1992, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaupiga marufuku kabisa mwaka 2007. Hata hivyo, katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini anahesabiwa kuwa yu karibu na hatari. Mwenzake mweusi bado hajafika huko.

Ama mtama, naam, wanakula, na uwele pia. Dawa yake ni ile ile ya wazee: dungu na kuamia. Amieni zaidi asubuhi na alasiri, punje zikiwa na maziwa. Pandeni pamoja na jirani, maana konde linalokomaa peke yake ndilo linaloliwa, na mtama ukikauka usiuache shambani. Sumu msitie, itaua na kuku wenu.

Aliye naye tunduni asimfungulie. Ampe uwele, mchicha na maji safi kila siku. Na akifa, asinunue mwengine aliyenaswa porini.