Mwanangu Hali Nyama, na Mimi Nimejifunza Kupika Tofu

Lau ningeambiwa zamani kwamba mimi, niliyelelewa katika nyumba isiyokosa samaki mchana, ningekuja kusimama mbele ya seredani nikipaka tui na ukwaju juu ya kitu kilichotengenezwa kwa maharagwe, ningecheka mpaka machozi yanitoke. Lakini mwana ni mwana, na humfikisha mzazi asikotaraji.

Mwanangu wa pili hufanya kazi Nairobi. Mwaka juzi alikuja nyumbani Mombasa kumi la mwisho la Ramadhani, na usiku ule ule wa kwanza, baada ya kufuturu, alinivuta kando akaniambia kwamba ameacha nyama. Nikadhani ni tumbo. Akasema la, ameacha nyama, na samaki, na mayai, na maziwa pamoja na samli, hata asali haigusi. Watu wa namna hii Waingereza huwaita vegani, neno lililobuniwa mwaka 1944 huko Uingereza wakati Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao.

Habari haikukawia kumfikia ami yake. "Kwani kilichohalalishwa wewe wakiharimisha?"

"Sikusema ni haramu, ami. Mimi sili tu. Nawe huli pweza, wala hakuna anayekuuliza."

Ami akanyamaza, kwa kuwa ni kweli pweza hamgusi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo naona haya kulisimulia. Nilimpikia kunde, nikaziona kavu, nikamwonea huruma. Siku ya tatu nikazitia vikombe viwili vya supu ya mbuzi. Nilijiambia kwamba nyama yenyewe haimo, basi iko wapi hasara? Akala, akasifu. Kisha nduguye mdogo, asiyejua kuficha neno, akapasua jipu.

Mwanangu hakupandisha sauti. Aliniuliza hivi: "Mama, lau mtu angekutilia mafuta ya nguruwe chunguni, kisha akakwambia haidhuru maana nyama yenyewe haimo, ungemjibuje?" Sikuwa na jibu. Najua amri ya dini si sawa na uamuzi wa mtu mwenyewe, na yeye pia anajua. Lakini hila ni hila. Tangu usiku ule akawa anafuturu kwa tende, matunda na mkate wa dukani. Kilichotoka chunguni mwangu hakukionja tena. Mama mwenzangu unayesoma haya, huna haja nikueleze niliumwaje.

Ndani ya friji alikuwa ameweka pakiti mbili alizokuja nazo kutoka Nairobi. Ndiyo tofu. Nikaazimia nijifunze kuipika kabla ya Idi.

Tofu asili yake ni Uchina. Wachina husimulia kwamba aliyeigundua ni mwana wa kifalme aitwaye Liu An, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ingawa maandishi ya hakika yanayoitaja ni ya karne ya 10. Nami nilipoelezwa inavyotengenezwa, hofu ilinitoka, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya tui. Soya hurowekwa usiku kucha, husagwa kwa maji, kisha hukamuliwa katika kitambaa kama tunavyokamua nazi katika kifumbu. Tui lile la soya huchemshwa kwa dakika kumi hivi huku ukilikoroga, maana hufurika upesi kuliko maziwa. Na lisipoiva vizuri huleta matata tumboni. Ukishaliepua, unalitia maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka ligande mabonge na maji yake yajitenge. Mabonge hayo hufungwa kitambaani, hukandamizwa kwa jiwe, na tofu imekwisha. Hata machicha yake hayatupwi: yakaushe kidogo, uyachanganye na viazi vya katlesi.

Sasa upishi. Mara ya kwanza niliitoa pakitini, nikaikata, nikaitumbukiza katika mchuzi unaotokota. Ilikatikakatika yote, na vipande vilivyobaki vilikuwa kama kula maji. Kosa lilikuwa langu. Tofu haina ladha yake yenyewe, nayo imejaa maji; mradi maji hayo yamo, viungo vyako havipati pa kuingia.

Kwa hiyo kwanza chagua ile ngumu. Ile laini inayotikisika ni ya supu. Ifunge katika kitambaa safi, uiweke juu yake sufuria yenye maji, uiache nusu saa. Au, ukiwa na haraka, ikate vipande, uimwagie maji ya moto yenye chumvi nyingi, uiache robo saa, kisha uikaushe. Chumvi huingia ndani na juu hukauka. Wajapani hata huigandisha kwa baridi. Ikiyeyuka huwa na matundu kama sponji, na ukiikamua hunywa mchuzi wote unaoipa. Hilo nimelijaribu, na ni kweli.

Njia iliyo nyepesi kabisa, ambayo namshauri anayeanza, ni ya kukaanga. Vipande vilivyokauka vibiringishe katika unga mwembamba wa mahindi wenye chumvi, pilipili manga na bizari, uvikaange katika mafuta ya moto hadi viwe rangi ya dhahabu. Mchuzi wa nazi uupike kando, na tofu uitie mwisho, wakati wa kuepua.

Kwa daku, ivuruge kwa vidole, uikaange na kitunguu, nyanya, pilipili mbichi na manjano. Utadhani ni mayai ya kuvuruga. Mwanangu huila na chapati iliyopikwa kwa mafuta badala ya samli.

Lakini iliyonishinda kwa utamu ni ya Kijava. Indonesia ni nchi ya Waislamu zaidi ya milioni 200, na huko tofu, waiitayo tahu, ni chakula cha kila siku cha tajiri na maskini. Wanayo moja iitwayo tahu bacem: tofu huchemshwa katika maji ya nazi pamoja na sukari ya mnazi, ukwaju, kitunguu saumu na giligilani iliyosagwa, mpaka maji yote yakauke, kisha hukaangwa kidogo. Mimi hutumia maji ya madafu na sukari guru. Tazama viungo hivyo, useme ni kipi kigeni katika jiko la pwani!

Na kwa jumla chakula chetu hakimtaabishi vegani kama nilivyodhani. Mbaazi za nazi, mahamri ya tui, mchicha wa nazi, wali wa nazi: vyote vimo, mradi usitie samli.

Mambo mawili uyaangalie. Vitabu vingi vya upishi wa tofu hutaja mirin, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele wa Kijapani, iache kabisa. Sosi ya soya iliyochachushwa nayo huwa na kileo kidogo kinachotokana na uchachu, basi nunua yenye alama ya halali, au tumia ukwaju na chumvi kama mimi. La pili ni vitamini B12. Tofu ina protini nyingi, lakini vitamini hiyo haimo katika mimea, na anayeikosa kwa muda mrefu huharibikiwa damu na mishipa ya fahamu. Mwanangu humeza vidonge vyake, nami humkumbusha kwa simu mpaka anachoka.

Siku ya Idi nilichukua pakiti iliyobaki, nikaikata mapande mapana, nikaichoma juu ya makaa huku nikiipaka tui zito lenye ukwaju, saumu, tangawizi na pilipili, kama kuku wa kupaka. Nilimwita mwanangu jikoni tangu mwanzo, akae juu ya kibao, aone kila kinachoingia. Hakusema neno. Alipoona nimefika kwenye tui alishika kifumbu akanikamulia mwenyewe.

Niliipakua katika sinia moja na wali, pembeni mwa kuku. Ami yake aliionja kwa ncha ya kidole, akarudi kwa kuku. Nyanyake, ambaye meno yamemwisha, aliuliza ni samaki gani huyu asiye na mwiba. Tulipomweleza akasema samaki au si samaki yeye imempendeza, akavuta mapande matatu upande wake. Mwanangu akabakiwa na mawili. Mwaka uliofuata nilimwagiza aje na pakiti nne.