Kuandama kwa mwezi: Mpaka wa hesabu na fikihi
Magharibi ya tarehe 29 Shaaban, Waislamu wa Mji wa Kale, Mombasa, huutazamia mwezi wa Ramadhani. Wataalamu wa falaki huweza kukokotoa mapema dakika ambayo mwezi mpya huzaliwa. Hata hivyo, kuzaliwa si kuandama: hilali huweza kuwa nyembamba mno, au kutua upesi baada ya jua. Wanazuoni wengi hutaka ionekane. Isipoonekana, Shaaban hukamilishwa siku 30.

Hesabu, ambayo tayari hupanga nyakati za sala misikitini, inaweza kumsaidia Kadhi Mkuu kuukataa ushahidi usiowezekana. Haiwezi kuumaliza mzozo unaowafanya jamaa wa nyumba moja washerehekee Idi siku tofauti, kwani huo ni wa kifikihi: je, mwezi ulioandama nchi nyingine unatulazimu nasi?