Tiba ya Kundi kwa Wenye Haiba ya Mpakani

Tatizo la haiba ya mpakani, lililoingizwa katika mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, ni hali ambamo hisia za mtu hupanda ghafla na kuchelewa kutulia, hofu ya kuachwa humtawala, na mahusiano yake huyumba baina ya kumtukuza mwenzake na kumchukia, mara nyingi pamoja na kujijeruhi au kujaribu kujiua. Kwa kuwa mateso hayo hujitokeza zaidi katika kuishi na watu, huenda ikastaajabisha kwamba tiba yake iliyotafitiwa zaidi huwakutanisha wagonjwa kadhaa katika chumba kimoja.

Tiba hiyo huitwa tiba ya tabia ya kidialektiki, na ilibuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambaye jaribio lake la kwanza la kitabibu lilichapishwa mwaka 1991. Dialektiki hapa ni kushika kwa pamoja kauli mbili zinazoonekana kupingana: kwamba mgonjwa anastahili kukubaliwa jinsi alivyo, na kwamba hana budi kubadilika. Mbali na kundi, mgonjwa huonana na mtaalamu wake faraghani kila wiki, na huweza kumpigia simu anapozidiwa.

Kundi lenyewe si baraza la kusimuliana majeraha. Ni darasa, lenye wakufunzi wawili, mmoja akifundisha na mwenzake akiangalia hali za wanakundi, na kila kikao cha takriban saa mbili na nusu huwa na mapitio ya kazi zilizofanywa nyumbani. Hufundishwa umakinifu, yaani kuyatazama yanayopita moyoni bila kuyahukumu, kisha kudhibiti hisia, kuomba na kukataa bila kuvunja uhusiano, na kustahimili dhiki. Stadi hii ya mwisho ina mbinu za kimwili kabisa, kwa mfano kutumbukiza uso katika maji baridi huku pumzi imebanwa, jambo ambalo hupunguza mapigo ya moyo na kwa hiyo halimfai mwenye maradhi ya moyo asiyepata ruhusa ya daktari. Mzunguko mmoja huchukua wiki 24, na kwa kawaida hurudiwa.

Wanakundi hukatazwa kusimuliana nje ya kikao jinsi walivyojijeruhi, sharti linaloweza kuonekana kali, lakini lenye hekima, kwa maana tendo hilo huambukizana kwa masimulizi. Anayekosa vikao vinne mfululizo hupoteza nafasi yake.

Utafiti wa Linehan na wenzake wa mwaka 2015, uliohusisha wanawake 99, uliona kwamba tiba zilizokuwa na mafunzo ya stadi, ziwe na vikao vya faraghani au la, zilipunguza kujijeruhi zaidi kuliko tiba ya faraghani isiyo na mafunzo hayo, ingawa katika majaribio ya kujiua hazikutofautiana. Matokeo hayo huvutia mahali penye wataalamu wachache, ila hata waliopewa kundi bila tiba ya faraghani walikuwa na msimamizi maalumu wa kufuatilia hali zao na hatari ya kujiua.