Mtaani wanakuita "msee wa ajabu"? Hizi hapa nguvu 6 za watu wazima wenye usonji zenye mbogi haijui

Kila ploti iko na huyu msee. Hapa Kambi Muru ako, kule Gatina na 46 pia ako. Hapendi kelele. Leo mkipatana kwa ngazi anakupita kama hajakuona, kesho anakusimamisha dakika ishirini akikuelezea venye tokeni za stima hukatwa, hadi shilingi ya mwisho. Ukimwambia "nakam saa hii", yeye anakungoja saa hii, si masaa mawili baadaye. Wengine wanasema anajiskia. Wengine wanasema amerogwa. Mathe yake ameshaambiwa mara kadhaa ampeleke aombewe.

Inawezekana huyo msee ako na usonji na hakuna mtu amewahi kumwambia. Na inawezekana huyo msee ni wewe unayesoma hapa.

Wengi wetu tukiskia usonji tunafikiria mtoto mdogo. Lakini mtoto hukua. Usonji hauishi siku ukichukua kipande. Unaingia nao kwa mboka, kwa mapenzi, kwa foleni ya choo asubuhi. Shida ni kwamba tukiongea kuhusu hii kitu tunaongea tu yale mabaya. Leo wacha tuongee kuhusu ule upande mwingine, bila kuongeza chumvi.

Kwanza, usonji ni nini?

Ni tofauti ya venye ubongo hukua na kufanya kazi, na mtu huwa nayo tangu utotoni. Inagusa venye unawasiliana na watu, venye unaskia sauti, mwanga na mguso, na venye unapenda mambo yafuate mpangilio. Si laana, haiambukizi, hailetwi na chanjo, na si juu mathe yako alikulea vibaya.

Mbona watu wazima walisahaulika? Angalia historia. Mwaka wa 1943 daktari Leo Kanner huko Marekani aliandika kuhusu watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna naye akaandika kuhusu watoto wake. Kwa miaka mob, watafiti walikuwa wanaangalia watoto tu. Hapa kwetu, wazazi walianzisha Autism Society of Kenya mwaka wa 2003. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano wakati huo saa hii ni mtu mzima anayetafuta ganji kama wewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 185,000 kwa kaunti ndogo ya Kibra. Hiyo hesabu ya dunia ikishika pia hapa, hao ni zaidi ya watu elfu moja kwa hii mitaa yetu. Wako wapi? Wako hapa tu. Ni vile tumewapa majina mengine.

Sasa tuingie kwa zile nguvu.

1. Jicho linaloona kenye wengine wanaruka

Mwaka wa 1983 watafiti Amitta Shah na Uta Frith huko London waliwapa watoto wenye usonji picha zenye umbo dogo limefichwa ndani ya mchoro mkubwa. Walilipata vizuri kushinda wenye walitarajiwa. Wengi wetu tunaona picha nzima kwanza. Mtu wa usonji mara nyingi anaona vipande.

Hiyo kwa mtaa ni pesa. Fikiria fundi wa simu pale Olympic anayeona njia moja imekatika kwa bodi yenye vitu vidogo kama chembe za mchanga. Fikiria msee anayehesabu mali ya duka la jumla na kugundua katoni moja haiko. Huko Denmark, mwaka wa 2004, buda mmoja anaitwa Thorkil Sonne, mwenye mtoto wake ako na usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne. Aliajiri watu wenye usonji kukagua programu za kompyuta na kutafuta makosa. Hakuwa anawaonea huruma. Aliona wanaijua hiyo kazi.

2. Wakiingia kwa kitu, wameingia

Unamjua msee mwenye anajua kila mat ya Kawangware kwa jina, mwaka ilitoka, nani aliichora na mfumo wa muziki ni gani? Huyo mbogi inamcheka. Lakini kuzama kwa kitu kimoja hivyo ndio shule yenyewe.

Cheki Temple Grandin wa Marekani, amezaliwa 1947. Alichelewa sana kuongea. Alipokua akapenda ng'ombe vibaya. Alikuwa anaingia kwa zile njia za kupitishia ng'ombe, anainama chini aone kenye ng'ombe anaona: kivuli, mnyororo unaoning'inia, koti limeachwa kwa ua. Akagundua hivyo vitu vidogo ndio vinawatisha. Ukishafika machinjio ya Dagoretti, unajua ng'ombe akishtuka ni noma gani. Grandin akaunda upya hizo njia, na michoro yake imetumika kwa machinjio mengi Amerika Kaskazini. Saa hii ni profesa. Chenye watu waliona ni wazimu wa ng'ombe ndicho kilimtoa.

3. Kumbukumbu ya kutisha

Stephen Wiltshire wa London, amezaliwa 1974, hupandishwa ndege ya helikopta juu ya mji, anaangalia mara moja, alafu anashuka na kuuchora mji mzima kwa kalamu, nyumba kwa nyumba. Tokyo ameshachora.

Hapa tuwe wakweli: watu kama Stephen ni wachache sana. Usiende kumwambia jirani achore Kibera kutoka kichwani. Lakini kuna kumbukumbu ya kawaida yenye inasaidia kila siku: kukumbuka bei, tarehe, namba, njia, na chenye boda alisema mwaka jana akitaka loni.

4. Hawaongi mtu, hata kama hakuna anayeona

Hii nayo ni tamu. Mwaka wa 2021 ulitoka utafiti uliofanywa huko Brazil. Watu walipewa nafasi ya kupokea pesa, lakini kukubali kulimaanisha kusaidia kitu kibaya. Wakati mwingine waliamua wakiangaliwa, wakati mwingine wakiwa pekee yao. Watu wasio na usonji walikataa zaidi wakiangaliwa, alafu wakiwa kando wakalegea. Wenye usonji walikataa venye walikataa, wawe wanaonekana ama hawaonekani.

Alafu skia hii: watafiti waliandika kama hiyo ni shida, ati hawajui kubadilika. Watu wenye usonji wakauliza, sasa kukataa hongo kisirisiri ndio ugonjwa?

Wewe fikiria nchi hii yetu. Fikiria mweka hazina wa chama anayekataa "kukopa kidogo" kwa sanduku hata akiwa na funguo pekee yake. Huyo ndiye anawekewa kisirani kwa mkutano juu ameuliza risiti. Kama chama chenu kishawahi kuliwa, unajua thamani ya huyo mtu.

5. Masikio yanayoskia mob kwa wakati mmoja

Watafiti wa chuo cha University College London waliwaskizisha watu mazungumzo mwaka wa 2017 na kuwaambia wafuate sauti za watu fulani tu. Katikati, kuna jamaa anapita akisema yeye ni sokwe. Wengi wasio na usonji hawakumskia kabisa. Wenye usonji walimskia zaidi, na bado kazi yao wakaifanya.

Kwa studio ya mtaa, hiyo ni mali safi: prodyusa anayeskia besi imechelewa kiasi. Kwa mekanika pia, mwenye anaskia injini imebadilisha sauti kabla gari ikwame. Lakini sikio hilo hilo ndilo linapanda mat ya 46 saa mbili asubuhi, muziki juu, konda anapiga bodi, mtoto analia, na honi nje. Wewe umezoea. Yeye kila sauti inaingia na hakuna mlango wa kufunga. Akishuka steji moja mapema na kutembea, si maringo. Anaokoa akili yake.

6. Wanabonga straight

Ukiuliza "hii luku imenikubali?" ataku­ambia haijakukubali. Inauma, lakini ni ukweli. Hakuna mafumbo ya kutatua usiku.

Watu husema wenye usonji hawajui kuwasiliana. Mwaka wa 2012 Damian Milton, msomi mwenye usonji, alisema shida iko pande zote mbili: wao hawatuelewi, na sisi hatuwaelewi, lakini lawama inaangukia upande mmoja. Mwaka wa 2020 Catherine Crompton na wenzake wakapima hiyo kwa mchezo kama ule wa kunong'onezana habari kutoka kwa mtu hadi mtu. Laini ya watu wenye usonji pekee yao ilifikisha habari vizuri sawa na laini ya wasio na usonji. Zilipochanganywa ndio habari ilipotea zaidi. Utafiti mkubwa zaidi wa 2025 haukupata tofauti hata kwa laini za mchanganyiko. Ukichukua wa kwanza ama wa pili, jibu linabaki: ati hawajui kuongea si ukweli.

Lakini usiuziwe ndoto

Tukiishia hapo tutakuwa tumewadanganya. Sinema ya Rain Man ya 1988 na kipindi cha The Good Doctor vilifanya watu wafikirie kila mtu wa usonji ni jiniasi. Zii. Kuna wenye hawaongei kwa mdomo. Kuna wenye wanahitaji mtu wa kuwasaidia kila siku, maisha yao yote. Hao pia ni watu kamili, hata kama hawana kipaji cha kuonyesha kwa simu. Heshima si mshahara wa kuwa na akili nyingi.

Mwaka wa 2019 Ginny Russell na wenzake huko Uingereza walihoji watu wazima 24 wenye usonji kuhusu mazuri yao. Walitaja kuzama kwa kazi, kuona vitu vidogo, kumbukumbu, ubunifu. Lakini walisema pia kitu kikubwa: tabia ile ile inaweza kukusaidia ama kukuumiza, kulingana na mahali uko. Kuzama kwa kazi ni baraka ukipewa meza tulivu. Ni balaa kama bosi anakuita kila dakika tano na hujakula tangu asubuhi.

Alafu kuna kuigiza. Wengi, hasa madem, wanajifunza kutabasamu kwa lazima, kuangalia watu machoni, kucheka penye wengine wanacheka. Siku inaisha, wanafika kejani wamechoka kama wamebeba mawe. Juu wanaigiza vizuri, hakuna anayejua wanaumia.

Sasa ufanye nini?

Kama umejiona hapa: usijipime na makala pekee yake. Andika mambo yako tangu utotoni, uliza wenye walikulea, alafu tafuta daktari wa akili ama mwanasaikolojia. Hata kabla ya jibu la daktari, iafoni kwa mat na kupanga siku mapema havihitaji ruhusa ya mtu. Ukithibitishwa na ukitaka, unaweza kufanyiwa tathmini kwa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa na kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi hiyo ndiyo mlango wa kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa KSh 150,000 za kwanza kila mwezi.

Kama ni beshte yako: mwambie mambo wazi. "Tupatane saa kumi pale Makina," na ufike saa kumi. Mkibadilisha mpango, mwambie mapema. Akinyamaza, mwachie nafasi, usimshike shike.

Kama wewe ni bosi, hata kama ni wa kibanda: andika kazi kwa karatasi badala ya kupiga kelele. Badala ya kumhoji maswali ya kuzungusha, mpe kazi ya saa moja uone mikono yake. Unaweza kuwa ulimkataa fundi bora kwa sababu hakukuangalia machoni.

Na kwa sisi wote: kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa njia isiyomdharau. Kwa hivyo lile jina mmempa yule msee wa ploti yenu si utani tu. Katiba ilishaongea.

Kesho ukimpata kwa ngazi, muulize ile hesabu ya tokeni za stima. Kaa chini umskize hadi mwisho. Pengine ndio utajua pesa zako huenda wapi.